Nilimfungia mama yangu bomba kwa kufuli, kumbe maji yalikuwa yanapotelea chini ya kitanda chake

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi.

Uzi huu nimeuandika mara tatu na mara zote nimeufuta, maana kila nikifika katikati naona aibu. Leo nauweka kama ulivyo. Sijaongeza chumvi, na palipo na ujinga ujue ni wangu mwenyewe, sijamsingizia mtu.

Naombeni mnisome hadi mwisho kabla ya kunitukana. Mkimaliza tukaneni tu, nimezoea.

Kwa wasionijua: naitwa Mado, mfanyabiashara wa vitenge. Nilikaa Mbeya miaka sita, ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika ni cha huko. Cha kuongea ni cha nyumbani, Katanga. Watu humu ndani nitawaacha waongee wanavyoongea, nikiwanyoosha hawatakuwa wao.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikishaamua jambo nimeamua, kunirudisha ni kazi. Mume wangu anasema ningekuwa askari wa barabarani hakuna gari lingetembea. Kumbukeni hilo mnaposoma.

Sasa tuanze.

Mama yangu ni mjane, anakaa peke yake Ruashi, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba kwa mikono yake. Vyumba vitatu, jiko, na uani kuna tangi la maji la lita elfu moja lililokaa juu ya mnara wa matofali. Umeme ukiwepo, pampu inavuta maji kisimani na kujaza tangi. Kutoka kwenye tangi maji yanashuka kwa bomba lililofukiwa chini, hadi jikoni. Koki za kuchotea ni mbili tu, moja uani na moja jikoni.

Nyumba ndogo, mama mmoja, maji ya kutosha. Tangi likijaa lilikuwa linamtosha wiki nzima na ushee.

Kisha likaanza kumtosha siku nne. Baadaye siku tatu. Ilipofika siku mbili nikaanza kupiga kelele.

Nikimpigia simu nauliza tangi likoje, ananiambia limeisha. Mimi juu!

"Mama, mayi inaenda wapi? Inaruka?"

"Mado, robinet nilifunga. Miye mwenyewe nilifunga." Robinet ndiyo koki.

"Kama ulifunga, mayi ingekuwamo."

Hapo ananyamaza. Na mimi nikachukulia ule unyamavu kuwa ni kukubali kosa.

Wakuu, mama ana umri. Siku moja alikuwa amemwita mwanangu wa kwanza kwa jina la wa pili. Siku nyingine aliweka chumvi mara mbili kwenye samaki. Mambo ambayo hata mimi nafanya, ila nikifanya mimi tunaita uchovu, akifanya yeye tunaangaliana.

Alikuwa pia analalamika kwamba sakafu ya chumba chake ni ya baridi sana, miguu inamuuma asubuhi. Tukasema uzee. Nikamnunulia soksi. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Wakati huo huo ukuta wa chumba chake ukapasuka.

Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari kuelekea chini. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi. Baada ya miezi michache ungeweza kuingiza sarafu.

Hapa niwaeleze kitu wasioishi kwetu. Ruashi iko jirani na mgodi. Baruti ikilipuka, madirisha yanatetemeka na vikombe vinagongana kabatini. Kwa hiyo mtaani kwetu ukuta ukipasuka hakuna anayeuliza kwa nini. Jibu lipo tayari: baruti. Kiongozi wa barabara yetu alikuwa na daftari la malalamiko, anaandika nyumba zote zenye nyufa. Watu wanabandika kipande cha gazeti juu ya ufa kwa gundi ya unga wa ngano, wanaandika tarehe. Gazeti likichanika, ndiyo ushahidi kwamba ufa unaendelea.

Na mimi nikaenda kujiandikisha, mbio. Nikabandika gazeti langu. Sikuwaza hata dakika moja kwamba ukuta wetu unaweza kuwa na sababu yake.

Siwatetei wenye mgodi, na nyumba za majirani sizijui ndani. Nasema ya kwetu tu.

Sasa sehemu ya aibu.

Jumapili moja nikafika kwa mama nikakuta tangi tupu. Nilikuwa nimelijaza mwenyewe Ijumaa. Nilikuwa nimetoka safari, nimechoka, na mama ananiambia tena "nilifunga". Sikupiga kelele siku hiyo, bora ningepiga. Nilienda kwa mchomeleaji, nikaagiza kisanduku cha chuma, tukakifunga kwenye koki ya uani na kukitia kufuli. Hivi visanduku viko kwenye parcelle nyingi za kwetu, yaani viwanja vya nyumba, watu wanazuia wapita njia wasichote maji yao.

Mimi nilimzuia mwenye nyumba.

Koki ya jikoni niling'oa mpini wake nikautia kwenye pochi. Funguo za kufuli zilikuwa mbili: mmoja nikabaki nao, mwingine nikautia kwenye bahasha nikampa jirani wa mlango wa pili, nikamwambia awe anamfungulia mama asubuhi na jioni, achote ndoo zake, kisha afunge.

Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Alipoona nimemaliza akaniuliza kama nitakula. Nikala, nikaaga, nikaenda zangu. Nilijiona nimetatua tatizo.

Wiki hiyo kaka yangu akaitisha kikao.

Kaka anaitwa Dido, ni mkubwa wangu, namwita yaya, anakaa Kipushi na anafanya kazi huko. Ni mtu mwema, msije mkamfanya shetani wa hadithi hii. Ana nyumba nzuri, mke mpole, na alikuwa ameshaandaa chumba cha mama, kitanda kipya na kila kitu. Alikuwa pia amepata mtu wa kununua parcelle ya Ruashi, mtu mwenye haraka, anataka jibu mwisho wa mwezi.

Tulikaa sebuleni kwa mama, sisi watatu. Dido akaongea taratibu, ndivyo anavyoongea, akinyoosha kidole kuelekea ukuta wa chumba.

"Mama, baruti iko inavunja nyumba, mur ya chambre yako inaweza kukuangukia. Na mayi, uko unaiacha wazi kila siku. Kesho itakuwa moto ya makala. Tuuzishe, uende kukaa na siye Kipushi."

Mama akanitazama mimi. Wakuu, alinitazama mimi, siyo Dido. Alikuwa anasubiri niseme kitu.

Nikasema, "Yaya iko na haki, mama."

Akakunja kitenge chake magotini, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kama munaona ni vile, basi ni vile."

Nyumba ile aliijenga pamoja na baba. Alibeba matofali akiwa na mimba yangu. Wote wawili tulilijua hilo, na bado tulimaliza kikao kwa nusu saa.

Tukapanga aende Kipushi wiki moja ya kujaribu, azoee mazingira. Mimi nibaki na funguo nianze kufunga vyombo.

Jumatatu asubuhi Dido akaja na gari, akamchukua. Kwa kuwa umeme ulikuwepo nilijaza tangi hadi likamwagika juu, nikazima pampu. Nikahakikisha kufuli. Mpini wa jikoni ulikuwa bado kwenye pochi yangu. Nikafunga mlango, nikaenda sokoni.

Jumatano nikarudi na maboksi ya kufungia vyombo. Nilitaka kuosha sufuria kabla ya kuzifunga, nikaenda kufungua kufuli la uani.

Maji yakatoka kinyonge, yakakoroma, yakakata.

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Nikapanda ngazi ya mnara, nikafungua mfuniko wa tangi. Tupu. Chini kabisa kulikuwa na maji ya kufunika kiganja.

Mtu wa kwanza kumlaumu ni jirani mwenye ufunguo. Nikamfuata kwa miguu ya vita. Yule mama akanitolea ufunguo, ulikuwa bado kwenye bahasha niliyomwachia, akaniambia tangu mama aondoke hajakanyaga kwetu, afuate nini? Nikaangalia kisanduku: vumbi lake juu, buibui ameanza kujenga. Hakuna aliyegusa.

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye ngazi ya mnara, na sufuria yangu.

Nyumba imefungwa. Koki moja ina kufuli, nyingine haina mpini. Mama yuko Kipushi. Na lita elfu moja zimeondoka kwa siku mbili.

Siyo mama.

Nililia wakuu, sitawaficha. Kisha hasira ikaja, safari hii ya kwangu mwenyewe, na ikanisaidia kufikiri.

Chini ya tangi, pale bomba linapoanza kushuka, kuna koki kubwa ya kufungia maji yote. Ilikuwa imeshika kutu, haijawahi kuguswa tangu baba afe. Nikaipaka mafuta ya kupikia, nikaing'ang'ania hadi ikazunguka. Nikaomba umeme usikate, nikajaza tangi. Nikachukua mti wa ufagio, nikautumbukiza hadi chini, nikachora mstari wa makaa pale maji yalipoishia. Koki kubwa nikaifunga.

Kesho yake nikapima: maji yako palepale, hayajapungua hata unywele.

Nikaifungua koki kubwa, zile mbili za kuchotea bado zimefungwa. Nikakaa hadi mchana nikipasua mbegu za maboga. Nikapima: maji yameshuka kidole kizima na nusu.

Ndugu zangu, hicho kipimo hakihitaji fundi wala mashine. Ni mti wa ufagio. Ningeweza kukifanya miezi sita nyuma, kabla ya kisanduku cha chuma, kabla ya kikao. Tangi lilikuwa zima. Maji yalikuwa yanapotea njiani, kati ya tangi na jikoni, chini ya ardhi, mahali ambapo jicho halifiki.

Swali likawa ni wapi.

Hakuna ramani. Baba ndiye aliyelaza lile bomba, na ramani alikuwa nayo kichwani, akaenda nayo. Uani hakuna palipolowa. Hakuna tope wala majani yaliyostawi ghafla.

Nikaletewa fundi anaitwa papa Kabamba, mzee mstaafu, maisha yake yote alikuwa kwenye mapampu ya kuvuta maji chini migodini. Akafika na baiskeli, mfuko wa zana, na kipande cha nondo kirefu kama fimbo. Namsalimia, haitiki. Nasalimia tena kwa sauti, ndiyo akageuka.

"Mama, masikio ilikufa mu mapompe. Lakini usiogope, meno iko inasikia."

Nilidhani nimeletewa chizi. Mzee akapiga magoti, akasimamisha nondo sakafuni, ncha ya juu akaishika kwa meno. Akafumba macho. Akaniashiria niache hata kutembea. Akahama hatua mbili, akauma tena. Sebule nzima, korido, jiko. Mimi nafuata nyuma nimeshika viatu mkononi kama mwizi.

Akaingia chumba cha mama, akauma nondo, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akaitoa mdomoni, akapangusa mate.

"Iko mayi inatembea pa chini. Mu hii chambre."

Akanyanyuka, akaenda kwenye ufa wangu wenye gazeti. Gazeti lilikuwa limechanika katikati. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Nani alisema hii ni baruti?"

"Bantu bote," nikamjibu, yaani watu wote.

"Angalia, mama. Pa juu iko munene, pa chini iko mwembamba. Hii kona ya nyumba iko inashuka kidogo kidogo. Udongo ya chini inakunywa mayi, inakuwa laini, mur inafuata. Baruti haiko namna hii."

Nikagusa sakafu kwa kiganja. Baridi, kweli baridi. Nikavuta sanduku la mama kutoka uvunguni, chini yake limeota ukungu mweusi. Mama alikuwa ametuambia kuhusu hiyo baridi na tukamjibu kwa soksi.

Nikamuuliza fundi ni wapi hasa. Akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa inaenea chumba kizima, tangi halina nguvu ya kufanya bomba lipige kelele za kutosha. Kwa maoni yake, tupasue sakafu yote. Na kwa kuwa kona ile ilikuwa imeshalegea, kupasua sakafu yote kungeweza kuuangusha ukuta kabla hatujafika kwenye bomba. Hilo alilisema mwenyewe, akanipa nichague.

Nikampigia Dido. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: mti wa ufagio, nondo, meno. Akasema nisimchanganye mama, maskini ameanza kutulia, na nyumba si tunaiuza? Mwenye kununua ataona mwenyewe.

Nikasikia sauti ya mama nyuma yake inauliza ni nani. Kisha simu ikabadilisha mkono.

"Mado, ni nini?"

"Mama, mayi iko inavuja. Chini ya chambre yako. Haikuwa weye."

Aliuliza kitu kingine kabisa.

"Pa upande ya dirisha?"

"Fundi hajue. Anataka kupasula chini yote."

"Asipasule kitu. Mimi nakuya."

Dido alijaribu kumzuia, alinisimulia baadaye. Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Walifika kesho yake saa tatu asubuhi. Mama hakusalimia hata, alipita moja kwa moja chumbani. Tulikuwa tumeshatoa kitanda na kabati. Papa Kabamba yuko pembeni na nyundo yake na patasi, Dido ameegemea mlango, mimi katikati sijui niweke wapi mikono.

Mama akasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Hapa ilikuwa kichuguu," akasema.

Kwa wageni wa kwetu: vichuguu vya Katanga siyo vile vidogo vya kurukia. Ni vilima, kingine kinazidi nyumba kwa kimo. Udongo wake ni mzuri sana kwa tofali, unanata, ukichomwa unakuwa chuma. Kwa hiyo mtu akipata parcelle yenye kichuguu ni bahati, anakichimba, anafyatua matofali palepale, anajenga. Baba alifanya hivyo. Nusu ya Lubumbashi imefanya hivyo. Kichuguu chote kinageuka kuta, na pale kilipokuwa linabaki shimo, maana unachimba hadi chini kufuata udongo mzuri.

"Papa yenu alitosha matofali yote mu ile kichuguu. Ikabakia shimo, mutu anaingia mpaka mabega. Akafukia na udongo ya ovyo, na majani, na matofali ya kuvunjika. Miaka ikapita, akajenga hii chambre pa juu. Siku ya kuweka tuyau ya mayi nikamuambia, baba Dido, usipitishe pa shimo. Akasema ni njia ya karibu, akaipitisha pa katikati."

Dido akaingilia, akaonyesha upande wa jikoni.

"Mama, kichuguu ilikuwa nyuma ya cuisine. Miye nakumbuka, tulikuwa tunaipanda."

"Ile ya nyuma ya cuisine ilikuwa ya jirani. We ulikuwa na miaka ine. Nyamaza kidogo."

Papa Kabamba hakusikia maneno lakini aliona uso wa Dido, akacheka.

Mama akaanza kuhesabu hatua kutoka dirishani, kisigino kwa kidole, mkono mmoja kwenye ukuta. Moya, mbili, tatu. Katika hatua ya tano akaacha ukuta, akageuka kidogo kuelekea mlango, akaongeza mbili. Akavua kiatu, akakiweka sakafuni.

"Pasula hapa."

Wakuu, naomba mnielewe nilivyokuwa. Kama pale pangekuwa pakavu, Dido asingehitaji kusema tena lolote. Mnunuzi alikuwa anasubiri jibu Jumamosi. Mama angerudi Kipushi na kila mmoja wetu, pamoja na yeye mwenyewe, angejua kwamba kichwa kimekwisha. Nilitamani nimwambie fundi apasue mahali pengine, tukose sisi, asikose yeye.

Fundi akapasua. Saruji nyembamba, chini yake kifusi kikavu. Kikavu kabisa, vumbi. Dido akatazama nje.

Mama akasema, "Endelea."

Akaendelea. Kufikia urefu wa kiganja udongo ukawa mweusi. Kiwiko na zaidi kidogo, koleo likatoa sauti ya kunyonya, likarudi na tope. Papa Kabamba akalitupa, akaingiza mkono wote hadi begani, akapapasa, na tukamwona anatabasamu ameelekeza uso darini.

"Iko hapa. Baba mwenye nyumba aliunganisha na moto."

Ndivyo walivyofanya mafundi wengi wa zamani, na bado wapo: unachemsha ncha ya bomba la plastiki kwenye makaa, likilainika unalisukumia bomba la pili ndani, basi. Hakuna kiungo. Kama udongo umetulia, linadumu. Kwetu kifusi kilikuwa kinashuka mwaka hadi mwaka, bomba likavutika, ile ndoa ya moto ikaachana upana wa kucha. Maji yote yalikuwa yanaingia kwenye shimo la zamani, ndiyo maana hayakuonekana popote.

Kiatu cha mama kilikosea kwa shibiri moja tu.

Dido alikaa juu ya maboksi ya vyombo akashika kichwa. Halafu akatoa simu, akampigia mnunuzi palepale mbele yetu, kwa sauti.

"Patron, unisamehe. Parcelle haiuzishwi. Hapana, hapana shida ya bei. Mwenye nyumba iko na akili yake, na hajatuma muntu."

Akakata. Mama akajifanya hajasikia, akaenda kutafuta kiatu chake kwenye tope.

Matengenezo kwa ufupi, kwa wanaopenda upande wa ufundi. Lile bomba hatukuliziba, tuliliacha lizikwe. Tukapitisha jipya nje, juu ya ukuta, linaonekana lote kuanzia tangi hadi jikoni, na viungo vya kweli. Siyo zuri kwa macho lakini likivuja tone moja utaliona siku hiyo hiyo. Shimo tukalichimbua tope lote, tukajaza mawe na udongo mwekundu, tunashindilia kila tabaka. Ufa hatukuuziba haraka, fundi alikataa, alisema kwanza udongo ukauke tuone kama kona imetulia. Tulibandika gazeti jipya, likakaa miezi miwili bila kuchanika. Ndipo tukaziba.

Nilienda pia kwa kiongozi wa barabara kufuta jina letu kwenye daftari. Alinitazama juu ya miwani.

"Mado, we ni muntu wa kwanza kukuya kufuta. Bengine bote banakuya kuongeza."

Kisanduku cha chuma nilikikata mwenyewe kwa msumeno, sikumpa mtu kazi hiyo.

Na siku hiyo, tumekaa uani mimi na mama, nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanitoka mawili. Unisamehe, mama.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua.

"Mado, miye nilikuwa nakufa na woga. Kila nikifunga robinet, nafunga fundo mu pembe ya kitenge. Mangaribi nahesabia mafundo, fundo moya kwa ndoo moya. Ilikuwa inatosha, yote. Kisha unaniita mu téléphone unasema niliacha wazi. Nikasema, basi hata mafundo niko naifunga bila kujua."

Miezi yote ile, wakuu. Mama yangu alikuwa anajichunguza peke yake kila jioni, anapata jibu sahihi, na sisi tunamwambia siyo sahihi, mpaka akatuamini sisi kuliko vidole vyake.

Nikamwambia alikuwa sahihi kila siku. Akasema anajua, sasa anajua. Akanishika mkono. Alikuwa analia na anacheka, mimi nilikuwa nalia tu.

Siku hizi Dido akija Jumapili anakuja na daftari la shule. Anamkalisha mama, anamuuliza nyaya zinapita wapi, msingi una kina gani, shimo la choo cha kwanza lilikuwa upande upi. Mama anatembea na fimbo akionyesha, Dido anachora. Akichora vibaya anafokewa. Juzi aliambiwa afute ukurasa mzima, akafuta.

Somo langu sasa. Maji yakiisha bila maelezo, usianze na watu. Funga koki zote, chora mstari kwenye tangi, kaa nusu siku, pima. Wenye mita, tazameni kama inazunguka wakati nyumba nzima imefungwa. Sakafu yenye baridi isiyo ya kawaida, ukungu chini ya sanduku, ufa unaopanuka juu: visikilizeni kabla ya kusikiliza barabara nzima. Na kama aliyejenga bado yupo, kaa naye na daftari leo.

Haya, uwanja ni wenu. Mafundi bomba mliomo, nisahihisheni nilipokosea, na mniambie kama kuna mwingine anayesikiliza kwa meno.

Na wewe unayesoma kimya kimya, ambaye nyumbani kwenu kuna mzee mmeshakubaliana kwamba anasahau: nenda kapime tangi kwanza. Kisha urudi hapa utuambie ulikuta nini.